Sufuria Isiyoonjwa

Mke wangu alipopoteza ladha hakupoteza mdomo. Hilo nalishuhudia kila siku mimi mume wake. Alichopoteza ni kile kilichomfanya awe yeye. Alikuwa mpishi mkuu wa mgahawa mkubwa karibu na stendi, mwanamke wa kuonja mchuzi mara moja na kukwambia kitunguu kilikatwa jana. Kisha ikampata homa na mafua mazito. Homa ikaenda zake, mafua yakaenda zake, lakini pua na ulimi havikurudi kazini. Chai, pilipili, embe, vyote kwake vikawa sawa na karatasi iliyolowa.

Alificha kwa muda, akipika kwa mazoea. Siku moja akatia chumvi mara mbili kwenye supu ya wageni wa harusi, akaonja, akaona iko sawa, akaitoa. Bosi wa mgahawa, mtu mnene asiye na maneno mengi, akamwambia apumzike nyumbani mpaka atakapopona. Wote wawili walijua maana yake.

Basi akaja kukaa nami dukani. Mimi ni fundi cherehani. Nilimpa pasi nikidhani namsaidia. Akaunguza suruali ya bwana harusi, akaunguza na ya msimamizi wake, na nilipoona analisogelea gauni la bibi harusi nikasema, "Mke wangu, pumzika kidogo." Hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha wateja akitazama barabara, na roho yangu iliniuma kuliko ilivyoniuma kwa zile suruali. Nyumbani hakusogelea jiko kabisa. Aliyetupikia ni Mama yangu, na magoti yake yalikuwa yamekwisha.

Hapa lazima niseme kuhusu Mama. Tangu mimi nikiwa mtoto, ndiye aliyeshika jiko la hekalu letu. Sisi Wahindu sikukuu zetu hazifuati tarehe za kawaida, zinafuata mwezi wa angani: nusu moja unakua mpaka unakuwa mpevu, nusu nyingine unapungua mpaka anga linabaki giza. Ndani ya mwezi huo kuna siku za kufunga na siku za kula, na kila nusu ina siku yake ya kumi na moja, Ekadashi, ambayo wenye kushika dini hawagusi nafaka wala dengu. Miezi yote ina kazi, lakini hakuna unaomtoa mpishi jasho kama Shravan. Jumatatu zake watu wanafunga. Mwezi ukiwa mpevu, dada wanawafunga kaka zao nyuzi mkononi, na kaka wanatoa zawadi huku wakinung'unika. Siku ya nane ya mwezi kupungua tunasherehekea kuzaliwa kwa Krishna. Na kila mfungo unapokwisha, watu wanakuja kula hekaluni kama hawajala wiki nzima.

Mwaka ule, Shravan ilipokaribia, Mama alishindwa kupanda ngazi za hekalu. Kamati ikamwambia ataje mtu wa kumwachia jiko. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, hakusubiri kuambiwa. Alikuwa ameshanunua aproni mpya.

Jioni hiyo tulikuwa mezani. Mama akammiminia mke wangu maji na kusema, kana kwamba anaomba apewe kitambaa, "Mwanangu, jiko la hekalu utalishika wewe."

Mke wangu akaweka kijiko chini. "Mama, usinitanie."

"Nikutanie nina umri gani?"

"Mimi sionji, Mama. Ukinipa chumvi, ukinipa mchanga, kwangu ni mamoja."

"Na mimi tangu lini nimeonja?"

Ilikuwa kweli. Katika jiko la hekalu hakuna anayeonja. Chakula kinapikwa kwa ajili ya Mungu, kinapelekwa mbele yake, kengele inalia, ndipo wanadamu wanakula. Kuonja kabla ni kumpelekea Mungu makombo. Hata kuinamia sufuria ukavuta harufu hairuhusiwi, na sufuria ikionjwa inamwagwa yote. Sote tulilijua hilo tangu utotoni, mke wangu pia, na katika miezi yote ile ya huzuni hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria.

"Nimepika humo miaka yote kama kiziwi anayecheza ngoma," Mama akasema. "Wewe unadhani mkono wangu unajuaje? Umezoea. Wako utazoea."

Mke wangu aliinuka, akaenda jikoni kwetu, na kwa mara ya kwanza tangu augue nikasikia anawasha jiko.

Kesho yake Shangazi alikuja kabla hatujamaliza chai. Habari katika ukoo wetu hazihitaji simu.

"Wifi," alimwambia Mama, "kweli unampa jiko la Mungu mtu asiyejua chumvi?"

"Wewe unayejua chumvi, wifi, juzi kwako tulikunywa maji ndoo nzima."

"Mimi nasema kwa wema. Watu watacheka."

"Waache wacheke, mradi wale kwanza."

Shauri likafika kwa kuhani wetu. Tunamwita Dakika, kwa sababu mdomoni mwake kila kitu kimebakiza dakika kadhaa, hata mazishi. Dakika alisikiliza pande zote mbili, akakuna kidevu, akaamua. Mke wangu apike Shravan yote. Shangazi awe msaidizi wake. Mwisho wa mwezi, baada ya Ekadashi ya pili, watu wakishafungua mfungo, kamati itasema jiko ni la nani. Sahani zikirudi zimejaa, hakutakuwa na majadiliano.

Mke wangu alikubali. Hii haikuwa kazi ya mshahara, kwa hiyo hakuogopa kufukuzwa. Aliogopa kitu kibaya zaidi: kwamba ingethibitika mbele ya watu wote tunaowajua kwamba yeye si mpishi tena.

Wiki ile Mama alimfundisha. Alikaa kwenye kigoda jikoni kwetu, miguu ameinyoosha juu ya kreti, akafunga macho na kuamuru. Chumvi ilipimwa kiganjani, si kwa kijiko. Mke wangu aliipima, akaimwaga, akaipima tena mpaka kiganja kikajua uzito wake. Mafuta yalisikilizwa. Bizari nyembamba ikiacha kulia kwenye samli, imeiva. Ikinyamaza kabisa, umechelewa. Dengu ilibinywa kwa vidole viwili, halafu vidole vikaoshwa. Tangawizi ilijulikana kwa rangi ya maji. Mama alipokosea yeye mwenyewe alisema ni jiko.

Sheria moja aliirudia kuliko zote. Jikoni mnapokuwa wengi na hakuna anayeonja, hatari si kusahau chumvi, ni kuitia mara mbili. Kwa hiyo anayetia chumvi anaweka upawa juu ya kifuniko cha sufuria. Ukiona upawa, usiguse. Usipouona, uliza.

"Uliza," Mama akamwambia Shangazi, akimnyooshea kidole. "Usikisie."

"Wifi, mimi si mtoto."

Shravan ikaingia. Jumatatu ya kwanza mke wangu alipika viazi na karanga kwa waliofunga. Sahani zilirudi tupu. Ekadashi ya kwanza, siku isiyo na nafaka, alipika muhogo kwa maziwa. Sahani zilirudi tupu, na mzee mmoja akalamba ya kwake akidhani hatumwoni. Mwezi mpevu alichemsha maziwa na sukari mpaka yakashikana kuwa peremende, nami nikala nyingi kabla dada zangu hawajanifunga uzi. Siku ya Krishna, watu walikuwa wengi mpaka viatu vyao mlangoni vikapotezana.

Kila jioni tulipotoka hekaluni aliniuliza swali lilelile: "Ilikuwaje?"

Sasa mimi ni mtu wa vitambaa. Naweza kukueleza hariri mpaka uitamani, lakini chakula ninachojua kukisema ni kizuri na kimekwisha. Nilijitahidi. Nilimwambia chumvi imekaa kama pindo, ipo lakini huioni. Nilimwambia tangawizi imevuta kidogo begani. Alinisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama, anarudia maneno yangu polepole kana kwamba anayatafuna. Wakati mwingine macho yake yalilowa. Mimi nilijifanya natafuta funguo.

Shangazi naye alikuwa macho muda wote, nasema hivyo kwa heshima. Kila sahani iliyorudi tupu ilimnyima raha. "Watu wana njaa tu," alisema. Au, "Wamemwonea huruma." Lakini kazi aliifanya. Alimenya, aliosha, alikata, akimtazama mke wangu pembeni ya jicho, akisubiri akosee.

Ikafika Ekadashi ya mwisho, watu wakafunga siku nzima, na asubuhi iliyofuata ikawa ndiyo yenyewe. Mfungo huu una masharti yake mwishoni pia. Lazima ufunguliwe kwa nafaka, na lazima ufunguliwe kabla siku ya kumi na mbili ya nusu hiyo ya mwezi haijaisha. Na siku ya mwezi haina adabu ya kuisha usiku kama siku nyingine, inaisha inapotaka. Safari hiyo ilikuwa inaisha saa tatu na nusu asubuhi. Anayechelewa, mfungo wake umeharibika, na aliyekaa na njaa tangu jana hapendi kusikia hivyo.

Jikoni kulikuwa na sufuria kubwa ya dengu, nyingine kubwa zaidi ya wali, na ya boga kando yake. Mke wangu alikuwa ametulia. Mama, tuliyempandisha ngazi kwa kumbeba, alikuwa ukumbini kwenye kiti, amezungukwa na wanawake, maana alisema akikaa jikoni atamtia mkwe wake wasiwasi. Mimi kazi yangu ilikuwa maji na gesi. Mtungi wa uani ukakataa kufunguka, nikapiga kelele mke wangu aje anishikie. Alikuja mbio akiwa na upawa mkononi. Tulihangaika na koki ile, akaniambia maneno ambayo hayafai eneo la hekalu, ikafunguka, tukarudi ndani.

Akasimama mlangoni ghafla hata nikamgonga.

Juu ya kifuniko cha dengu palikuwa na upawa.

Akautazama. Akautazama ule ulioko mkononi mwake. "Nilitia chumvi," akasema polepole, "nikashika upawa niuweke, ukaniita. Nikaondoka nao." Kisha akageuka. "Huu nani ameuweka?"

Shangazi alikuwa anaosha sinia ambayo tayari ilikuwa safi. Hakugeuka.

"Shangazi, sitauliza kwa nini. Niambie tu kama ulitia."

Maji ya bomba yakaendelea kumwagika. Hatimaye Shangazi akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Nilikuta hakuna upawa. Nikajua umesahau. Nikasema nikuokoe, halafu baadaye niseme nilikuokoa."

Nikaitazama sufuria. Supu ya harusi ilikuwa imerudi, na safari hii ilitufuata mpaka kwa Mungu.

Shangazi akafunga bomba, akausogelea upawa. "Nionje kidogo tu. Tone moja, tujue ubaya wake."

Mke wangu akamshika mkono. Hakumshika kwa nguvu. "Ukionja tunaimwaga yote, na hatuna nyingine. Njoo huku. Fungua kiganja."

Akachota chumvi kwenye bakuli, akaimimina kidogo kidogo juu ya kiganja cha Shangazi. "Ilikuwa hivi?"

"Zaidi."

"Hivi?"

"Hapo. Viganja viwili hivyo."

Mke wangu akaimimina chumvi ile kutoka kiganja cha Shangazi hadi chake. Akafumba macho, mkono ukipanda na kushuka kidogo, kama muuza dhahabu. Dakika akachungulia dirishani na kutangaza, "Bado dakika arobaini," kisha akaona nyuso zetu na kuondoka bila kuuliza.

"Sawa na yangu. Chumvi ya dengu mbili imo kwenye dengu moja," mke wangu akasema. "Wali umetiwa?"

"Bado," nikajibu, maana maji ya wali nilikuwa nimeyaleta mimi.

"Boga?"

"Bado."

Akafumbua macho. Ningependa kusema alitabasamu, lakini alikuwa na haraka. "Basi hakuna atakayetia tena, iliyozidi itatosha wali na boga. Leo tunapika mseto. Fundi, shika upande ule."

"Mseto?" Shangazi alishtuka kuliko alivyoshtuka kwa chumvi. "Siku kama ya leo? Wali uliopondeka na dengu? Watasema tumewalisha chakula cha wagonjwa."

"Watu ambao hawajala tangu jana, Shangazi, matumbo yao ni ya wagonjwa. Koroga."

Tukaimimina dengu kwenye wali ambao haujakauka, nikiwa nimebana pumzi, nusu kwa uzito na nusu ili harufu isije ikaniingia puani tukapata kesi nyingine. Boga likafuata. Mke wangu akaongeza maji, akasimama juu ya sufuria ile kubwa akisikiliza. Mseto ukianza huchemka kwa kelele nyepesi, ukishikana unaguna. Alisikiliza mpaka ukaguna. Kisha akakaanga bizari kwenye samli, akasubiri sauti yake, akamwaga juu. Shangazi alikoroga mpaka jasho likamdondoka kidevuni, na kila likidondoka aliruka nyuma lisije likaingia. Hakusema neno hata moja, jambo ambalo sijui kama litatokea tena.

"Bado dakika kumi na tano," Dakika alisema mlangoni. Mke wangu akapakua sahani ya kwanza, akampa. Ikapelekwa nyuma ya pazia. Tukasimama kwenye korido tukiwa tumelowa, watatu tumepangana ukutani kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Kengele ikalia.

Watu walikaa kwenye mikeka kwa mistari. Nilibeba ndoo, nikapita nikigawa, na niliona sura zao walipouona mseto. Walitegemea sahani yenye rangi rangi, kila kitu na kijisehemu chake. Mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake. Mwenzake akainua mabega. Nilimtafuta Mama kwa macho. Aliitazama sahani yake, akatazama mlango wa jikoni, akaelewa kwamba kuna jambo.

Dakika alikuwa wa kwanza kula, saa yake mkononi. Akatia tonge mdomoni. Akatafuna. Akanyamaza. Na kwa kuwa yeye kanyamaza, ukumbi wote ukanyamaza na kuanza kula, na mimi nilisimama na ndoo yangu nisijue ukimya ule ni wa namna gani. Mlangoni mke wangu alikuwa ameshika fremu kwa mikono miwili.

Dakika alimaliza sahani yote. Akaipangusa kwa kidole, akalamba kidole, kisha akainyoosha sahani kwangu bila kuniangalia. "Ongeza," akasema. "Dakika bado zipo."

Baada ya hapo ndoo haikutosha. Wanaita huku, wanaita kule. Yule mwanamke aliyenong'ona alikuwa wa kwanza kunishika kanzu. Wazee wasiokuwa na meno walikula kwa furaha ya wenye meno. Katikati ya mstari wa tatu nilimkuta Bosi wa mgahawa, mtu mnene asiye na maneno mengi ambaye hekaluni huja mara moja kwa mwaka, na sahani yake ya tatu mapajani.

"Fundi," akasema, "nani amepika?"

"Mke wangu."

"Yule asiyeonja?"

"Yuleyule," nikasema, kwa sauti ambayo mistari miwili ilisikia. Nilikuwa nimeisubiri mwezi mzima. "Nikuongeze?"

Akasogeza sahani.

Muda ulipokwisha, hakuna aliyekuwa na njaa na hakuna sahani iliyorudi na punje. Kamati ilikuwa inatakiwa kukaa. Dakika alisimama, akajishika tumbo, akasema kikao hakipo kwa sababu jiko lina mwenyewe, na wajumbe waliokuwa bado wanalamba vidole wakaitikia kwa vichwa. Mama alicheka mpaka ikabidi ashikiliwe kwenye kiti. "Nilisema wale kwanza," aliwaambia wanawake waliomzunguka, na akarudia kwa yeyote aliyepita.

Jikoni nilimkuta Shangazi ameingia ndani ya ile sufuria kubwa mpaka mabegani, anaisugua mwenyewe. Aliponiona akasema, "Mwezi ujao nitauliza."

"Mwezi ujao nitakununulia upawa wako mwenyewe," mke wangu akamjibu, "wenye mpini mwekundu." Na Shangazi, nasema ukweli mtupu, alicheka ndani ya sufuria.

Mke wangu akapakua sahani kutoka ndoo moja iliyokuwa imebaki, akaenda kukaa kizingitini. Nikakaa kando yake nikisubiri swali. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu tonge la kwanza, bora kuliko yote ya mwezi ule, na safari hii hayakuwa na kitambaa hata kimoja ndani yake.

Hakuniuliza. Alikula polepole, tonge baada ya tonge, akiwatazama watu waliokuwa bado wamekaa kwenye mikeka hawataki kuinuka: wazee, watoto wenye mashavu ya manjano kwa mseto, Bosi anayefungua kifungo cha shati. Aliwatazama mmoja mmoja, hakumruka yeyote. Alipomaliza, aliipangusa sahani kwa kidole kama alivyofanya Dakika.

"Chumvi imekaa sawa," akasema.

Nikayameza maneno yangu yote, nikaenda kuomba sahani ya pili.